Mzigo wa mafuta ndio kikwazo kikuu cha safari ya kwenda nyotani

KATIKA makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yaliyoko Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, puto hujazwa gesi iliyo nyepesi kuliko hewa, kisha likaachiliwa lipae. Chini yake huning'inia kifaa kidogo kinachopima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa na kutuma vipimo hivyo ardhini kwa mawimbi ya redio. Tangu mwaka wa 1996, kwa ushirikiano na Uswisi, vipimo vya ozoni vimekuwa pia vikichukuliwa kwa njia hiyo.

Puto hilo halina injini. Hupaa kwa kuwa hewa inayolizunguka ni nzito kuliko gesi iliyomo ndani yake. Lakini kadiri linavyopanda, ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyembamba na puto lenyewe kuzidi kuvimba. Lifikapo kimo cha takriban kilomita 30, hupasuka, na safari ikakomea hapo.

Kikomo hicho cha puto ndicho mlango wa suala ambalo limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya karne moja: je, mwanadamu anaweza kuunda chombo kitakachofika kwenye nyota nyingine? Wengi hudhani kizuizi ni umbali. Umbali ni sehemu tu ya tatizo. Kizuizi kikubwa zaidi ni kwamba chombo kinachosafiri angani hulazimika kubeba kile kinachokisukuma, na mzigo huo nao wahitaji kusukumwa.

Jinsi roketi inavyosonga

Kila chombo cha usafiri tunachokijua hapa duniani husonga kwa kukisukuma kitu kingine. Gari huisukuma barabara, mtumbwi huyasukuma maji kwa kasia, na ndege huishika hewa kwa mabawa. Katika anga za juu hakuna barabara, hakuna maji, wala hakuna hewa ya kutosha kushikwa na chochote.

Njia iliyosalia ni kurusha kitu nyuma ili chombo kisonge mbele. Mfano wake ni mtu aliyeketi ndani ya mtumbwi ziwani bila kasia, akiwa na rundo la mawe. Kila anapotupa jiwe upande wa nyuma, mtumbwi husogea kidogo mbele. Akitupa kwa nguvu zaidi, husogea zaidi. Mawe yakimwishia, hawezi tena kuongeza mwendo wala kuupunguza.

Roketi hufanya hivyo hivyo. Mafuta huchomwa, na gesi inayotokana na mwako huo hutoka kwa kasi kupitia nyuma. Kwa hiyo mambo mawili huamua kasi ya roketi: kasi ya gesi inayotoka, na kiasi cha mafuta ikilinganishwa na uzito wa chombo kinachobaki.

Wakenya wameyashuhudia hayo karibu na nyumbani. Kati ya mwaka wa 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini katika ghuba ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi inayoelekea mashariki kasi ya takriban mita 465 kwa sekunde bila gharama yoyote.

Iliyopata umaarufu zaidi ni setilaiti ya Marekani iliyorushwa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Kwa sababu hiyo iliitwa Uhuru. Setilaiti hiyo ilikuwa na uzito wa takriban kilo 140, lakini roketi ya Scout iliyoibeba ilikuwa na uzito wa takriban tani 20. Hivyo basi, licha ya msaada wa ikweta, kilichofika kwenye mzingo wake na kufanya kazi kilikuwa chini ya asilimia moja ya kile kilichoondoka Ngomeni. Na Uhuru haikwenda mbali. Ilizunguka dunia katika kimo cha kilomita mia tano na ushei.

Punje ya mahindi na mji wa Kisumu

Ili kuelewa nyota ziko umbali gani, tuchukulie kwamba umbali kati ya dunia na Jua, ambao ni kilomita milioni 150, umefupishwa ukawa mita moja. Jua litakuwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Tuiweke punje hiyo kwenye kituo cha matatu cha Dagoretti Corner. Dunia itakuwa kichembe kisichoonekana kwa urahisi, hatua moja kutoka hapo.

Kwa kipimo hicho, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, Proxima Centauri, itakuwa umbali wa kilomita 268. Ukipima moja kwa moja kuelekea magharibi, utakuwa umeupita mji wa Kisumu. Nyota hiyo iligunduliwa mwaka wa 1915 na Robert Innes akiwa Johannesburg, Afrika Kusini. Haionekani kwa macho matupu, ingawa jirani yake, Alpha Centauri, huonekana vyema kutoka Nairobi katika anga ya kusini. Mwaka wa 2016, wanaastronomia walitangaza kwamba Proxima ina sayari inayoizunguka, na tangu hapo hamu ya kutuma chombo huko imeongezeka.

Chombo kilichokwenda mbali zaidi na dunia ni Voyager 1, kilichorushwa na Marekani Septemba 5, 1977. Agosti 2012 kilitoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua na kuingia katika anga iliyo kati ya nyota na nyota. Kinasafiri kwa kasi ya takriban kilomita 17 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mtu angetoka Nairobi hadi Mombasa kwa chini ya nusu dakika. Hata hivyo, kwa kipimo chetu cha mita moja, baada ya karibu nusu karne ya safari Voyager 1 imesogea takriban mita 170 tu kutoka kwenye punje ya mahindi. Bado iko Dagoretti Corner.

Kama kingekuwa kinaelekea Proxima Centauri, na sivyo, kingehitaji takriban miaka 75,000 kufika. Nuru yenyewe, ambayo husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, hutumia miaka 4.24.

Hesabu isiyo na huruma

Mwaka wa 1903, mwalimu wa Kirusi aitwaye Konstantin Tsiolkovsky alichapisha hesabu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa safari zote za roketi. Kwa lugha nyepesi, hesabu hiyo yasema hivi: ukitaka roketi ifikie kasi iliyo sawa na kasi ya gesi inayotoka nyuma yake, yapasa iondoke ikiwa na uzito mara 2.7 wa ule itakaobaki nao mafuta yakiisha. Ukitaka mara mbili ya kasi hiyo, uzito wa kuondokea uwe mara 7.4. Ukitaka mara tatu, uwe mara 20. Ukitaka mara kumi, uwe mara 22,000.

Sababu yake haihitaji hisabati kueleweka. Fikiria matatu inayotoka Dagoretti Corner kwenda Cairo, na njiani kote hakuna kituo hata kimoja cha mafuta. Itabidi ipakie mapipa. Mapipa hayo yataifanya iwe nzito na kutumia mafuta zaidi, kwa hiyo itahitaji mapipa mengine ya kuyabeba yale ya kwanza. Mwishowe abiria hawatakuwa na pa kuketi.

Mafuta bora ya kikemikali yanayotumika, yaani haidrojeni na oksijeni, hutoa gesi yenye kasi ya takriban kilomita 4.5 kwa sekunde. Tuseme twataka asilimia moja tu ya kasi ya nuru, yaani kilomita 3,000 kwa sekunde, ili tufike Proxima kwa miaka 424. Hesabu ya Tsiolkovsky yadai uzito wa mafuta ambao, ukilinganishwa na wa chombo, ni namba yenye tarakimu 290. Idadi ya atomi zote katika ulimwengu unaoonekana inakadiriwa kuwa namba yenye tarakimu zipatazo 80. Kwa hivyo suala hili si la kuunda tangi kubwa zaidi. Mafuta ya kikemikali hayawezi kabisa kuifanya kazi hiyo.

Kuna vyombo vilivyokimbia zaidi ya Voyager. Desemba 24, 2024, chombo cha Parker kilipita karibu na Jua kwa kasi ya takriban kilomita 192 kwa sekunde. Lakini kasi hiyo ilitokana na mvuto wa Jua, na Jua hulidai deni lake: chombo kinapoondoka, kasi ile hupungua tena.

Kutafuta mafuta yenye nguvu zaidi

Maadamu mafuta ya kawaida hayafai, wataalamu wametafuta njia ya kurusha kitu nyuma kwa kasi kubwa zaidi.

Njia ya kwanza ni injini ya ayoni, ambayo hutumia umeme kuirusha gesi ya zenoni kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa sekunde. Injini hii si ndoto. Chombo cha Dawn, kilichorushwa mwaka wa 2007, kiliitumia kuzifikia Vesta na Ceres. Msukumo wake ni mdogo sana, sawa na uzito wa karatasi moja kiganjani, lakini huendelea kwa miezi na miaka. Haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, kibaba hiki hakitoshi kwa nyota: ili kuifikisha kilo moja kwenye asilimia moja ya kasi ya nuru, mafuta yake yangekuwa mazito kuliko Jua lenyewe.

Njia ya pili ni nyuklia. Marekani ilijaribu ardhini, hadi mwaka wa 1972, injini zinazopasha haidrojeni joto kwa tanuri la nyuklia. Kasi ya gesi iliongezeka mara mbili hivi tu. Mradi mwingine, Orion, ulioanza mwaka wa 1958, ulikusudia kukisukuma chombo kwa kulipua mabomu ya nyuklia nyuma yake. Mkataba wa mwaka wa 1963 uliopiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, baharini na katika anga za juu uliuzibia njia, na mradi ukafungwa mwaka wa 1965.

Njia ya tatu ni kuunganisha viini vya atomi, kama Jua linavyofanya. Kati ya mwaka wa 1973 na 1978, wanachama wa chama cha British Interplanetary Society cha Uingereza waliandaa mchoro wa chombo walichokiita Daedalus. Kingekwenda kwenye nyota ya Barnard, iliyo umbali wa takriban miaka 6 ya nuru, kwa asilimia 12 ya kasi ya nuru, na kutumia karibu miaka 50. Kingekuwa na uzito wa tani 54,000, na kati ya hizo tani 50,000 zingekuwa mafuta.

Mafuta hayo yalihitaji aina ya heliamu iliyo adimu mno duniani. Wachoraji wake walipendekeza ichotwe katika hewa ya sayari ya Mshtarii, ijulikanayo pia kama Jupita, kwa viwanda vinavyoning'inia kwenye maputo kwa muda wa miaka 20. Yaani ndugu wa mbali wa lile puto la Dagoretti Corner angehitajika kabla safari haijaanza.

Injini ya namna hiyo haipo. Desemba 5, 2022, maabara moja ya California ilifaulu kwa mara ya kwanza kupata megajuli 3.15 kutokana na muungano wa viini baada ya kuupiga kwa leza za megajuli 2.05. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, leza zenyewe zilivuta takriban megajuli 300 za umeme ili kufanya kazi hiyo.

Njia ya nne ni antimata, yaani kinyume cha maada ya kawaida. Vitu hivi viwili vikikutana huangamizana na kugeuka nishati. Gramu moja ingetoa, pamoja na gramu moja ya maada, nishati zaidi ya mara mbili ya bomu lililoangamiza Hiroshima. Taabu ni kuipata. Yote iliyowahi kutengenezwa katika maabara ya CERN, huko Uswisi, haifiki sehemu moja ya milioni ya gramu, na kuitengeneza hula nishati nyingi mno kuliko inayorudishwa.

Kuyaacha mafuta nyumbani

Kwa kuwa mzigo ndio adui, baadhi ya wanasayansi wameuliza: kwa nini tubebe mafuta hata kidogo?

Mwaka wa 1960, Mmarekani Robert Bussard alipendekeza chombo kinachokusanya haidrojeni njiani, kama nyangumi anayekusanya chakula akiogelea. Lakini anga kati ya nyota ina takriban atomi moja tu katika kila sentimita ya ujazo, na hesabu za baadaye zilionyesha kwamba mtego wa kuzikusanya ungekipunguzia chombo mwendo zaidi ya ambavyo injini ingekiongezea.

Wazo linalotiliwa matumaini zaidi lingewafurahisha mabaharia wa Lamu: tanga. Nuru husukuma kile inachokipiga, ingawa kwa nguvu ndogo mno. Mwanga wa Jua ukilipiga tanga-kioo la kilomita moja ya mraba, hulisukuma kwa nguvu isiyofika uzito wa kilo moja. Mwaka wa 2010, Japani ilithibitisha kwamba jambo hilo lawezekana kwa chombo chake IKAROS.

Mbali na Jua mwanga hufifia, kwa hiyo ilipendekezwa leza itumike badala yake. Aprili 2016, tajiri Yuri Milner na mwanasayansi Stephen Hawking walitangaza mpango wa Starshot: chombo cha gramu chache kingesukumwa na leza za gigawati 100 kwa dakika kadhaa hadi asilimia 20 ya kasi ya nuru, kifike kwa miaka 20 hivi. Kilele cha matumizi ya umeme ya Kenya nzima mwaka wa 2025 hakikufika gigawati 3. Nguvu hiyo ya gigawati 100, zaidi ya mara 30 ya ile ya taifa letu, ingelisukuma tanga kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa mtu mzima mmoja. Hakuna chombo cha aina hiyo kilichorushwa kufikia sasa.

Gharama ya mwendo na hatari zake

Hata ikipatikana injini kamili isiyopoteza chochote, mwendo wenyewe una bei. Chombo cha tani moja, uzito wa gari dogo la abiria, kikiwa katika asilimia 10 ya kasi ya nuru huwa na nishati iliyo sawa na uniti bilioni 125 za umeme. Kenya hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho kwa mwaka. Kukirusha chombo hicho kimoja kungehitaji umeme wa nchi nzima kwa miaka mingi.

Isitoshe, kuna suala la kusimama. Hakuna breki angani. Anayetaka kupunguza mwendo huhitaji msukumo ule ule, ukielekezwa mbele. Ikiwa kwenda kulihitaji uzito mara 20, kwenda na kusimama kutahitaji mara 400. Ndiyo maana Daedalus na Starshot zote zilipangiwa kupita tu. Starshot ingeukata umbali ulio sawa na ule wa dunia na Jua kwa dakika 42, baada ya miaka 20 ya kungoja.

Vumbi nalo ni hatari. Chembe ya miligramu moja ikigongana na chombo kilicho katika asilimia 10 ya kasi ya nuru, mshindo wake hulingana na mlipuko wa takriban kilo 100 za baruti kali ya TNT.

Ahadi za injini za ajabu

Hesabu hizi zamsaidia msomaji kuzipima habari zinazochipuka mara kwa mara kuhusu injini mpya. Mfano mmoja ni ile iitwayo EmDrive, iliyodaiwa kusukuma bila kurusha chochote nyuma. Mwaka wa 2016 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba waliona msukumo mdogo. Mwaka wa 2021, wataalamu wa Dresden, Ujerumani, walipima upya kwa uangalifu mkubwa na kubaini kwamba msukumo ule ulisababishwa na joto lililopinda sehemu za mizani. Injini haikuwa imesukuma kitu. Aliye kwenye mtumbwi bila mawe na bila kasia hatasogea, hata akitikisika namna gani.

Zipo pia hoja kwamba binadamu akiiharibu dunia atahamia kwingine. Kuifikia Mirihi ni jambo moja. Huko mafuta ya kikemikali hutosha kutuma vyombo, na vimetumwa. Nyota ni jambo lingine kabisa. Kwa elimu iliyopo, hakuna njia ya kumpeleka mtu mmoja huko akiwa hai, seuze jamii nzima. Mjukuu wa mjukuu wa msomaji wa makala haya atavuta hewa hii hii tunayoivuta.

Hilo halina maana kwamba nyota zimefungwa. Setilaiti ya Uhuru, ambayo haikwenda popote, ilipokea miale ya eksirei kutoka mbali na kuorodhesha vyanzo 339 vyake. Ilisaidia kuonyesha kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, na mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Nuru ilikuwa imekwisha kuifanya safari ambayo roketi haiwezi.

Ama puto la Dagoretti Corner, kazi yake ni kupima ule utando mwembamba wa hewa ambao ukame wa 2020 hadi 2023 na mafuriko ya 2024 yalitukumbusha jinsi maisha yetu yanavyoutegemea. Kwa kipimo chetu cha punje ya mahindi, utando huo ni mwembamba kuliko unywele, na kutoka hapo hadi upande wa pili wa Kisumu hatujui pengine pa kupata hewa kama hiyo.